Mti wa barabarani Nairobi: namna ya kuukata kihalali, na kupanda mwingine usiokuja kukatwa

Nimekata miti Nairobi kwa miaka 19. Nilianza kwa kushika kamba chini ya mti kule Lavington, nikafika cheo cha kupanda juu, na sasa nina msumeno wangu wa injini, kamba tatu na vijana wawili. Nakaa Kangemi. Mtu akisikia kazi yangu hudhani nina kisasi na miti. Sina. Mingi ya ile niliyoiangusha ilihukumiwa siku ile ile ilipopandwa: chini ya nyaya za stima, juu ya bomba la maji taka, hatua moja kutoka ukuta wa jirani. Aliyeipanda alipigwa picha akiwa ameshika sepeto. Mimi nikaja miaka 20 baadaye kumalizia, na hakuna aliyenipiga picha.

Ndiyo maana maelezo haya yanaanzia mwisho. Nitaanza na kukata, kisha nirudi kwenye kupanda. Ukishajua mti wa umma unavyoondolewa, nani anatia sahihi na kisiki kinavyosumbua, utatafuta mahali pa kuchimba shimo kwa macho mengine.

Kwanza ujue ni wa nani

Mtaani husemwa mti wa barabarani hauna mwenyewe. Una wenyewe kushinda shamba la urithi. Barabara za ndani ya mitaa, bustani za umma na miti ya katikati ya mji ni mali ya Kaunti ya Jiji. Barabara kubwa za mjini kama Ngong Road na Outer Ring zina KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Waiyaki Way, Thika Road na Mombasa Road ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Ukiingia Karura au msitu wa Ngong Road, hapo ni Huduma ya Misitu, KFS. Kando ya mto kuna watu wa maji, na NEMA, mamlaka ya mazingira, wenye neno lao. Na popote waya wa stima ulipopita, Kenya Power nao wana sauti juu ya matawi.

Usijisumbue kukisia. Nairobi ina wadi 85 ndani ya kaunti ndogo 17, kwa hiyo ofisi ya msimamizi wa wadi haiko mbali na kwako. Nenda na picha kwenye simu: mti, barabara, mlango wa nyumba ulio karibu, na nguzo ya stima. Kama nguzo ina namba, ipige picha pia. Ukisema tu "ule mti mkubwa karibu na kanisa" utaambiwa urudi Jumatatu, na Jumatatu hutamkuta uliyeongea naye.

Kuna mti wa mugumo pale Waiyaki Way, Westlands, ninaoupita karibu kila siku nikienda kazini. Umepita miaka 100. Mwaka wa 2020, barabara ya haraka ya kilomita 27 kutoka Mlolongo ilipokuwa inajengwa, mugumo ule ulikuwa umesimama njiani na mpango ulikuwa uondolewe. Watu wa mazingira wakapiga kelele, mwezi wa Novemba Rais Uhuru Kenyatta akatoa agizo uachwe, na barabara ikapita huku mugumo ukibaki. Mimi nilichokiona pale ni wakati. Kelele zilianza shina likiwa halijaguswa. Majirani wengi huja kunililia tawi la kwanza likiwa limeshalala kwenye lami, na hapo hata nikizima injini, mti umeshapoteza upande mzima.

Unastahili kukatwa kweli?

Wengi wanaonipigia simu hawana mti mbaya. Wana gari linaloangukiwa na maua ya jakaranda mwezi wa Oktoba. Wana mfereji wa paa uliojaa majani. Wana ndege wanaochafua. (Ukipita kwenye mzunguko wa Nyayo Stadium, chini ya ile migunga yenye makorongo makubwa ya upara, utawahurumia kidogo, lakini bado.) Hayo yote ni kazi ya fagio.

Mti wa hatari una dalili, na mtu yeyote anaweza kuzitafuta kwa nusu saa. Zunguka shina kuanzia chini. Uyoga unaoota kwenye kitako cha mti au juu ya mizizi ni dalili mbaya kuliko tawi kavu, kwa sababu uyoga hukaa juu ya kitu kilichokwisha kuoza. Gonga shina kwa nyundo hapa na pale. Penye uzima pana sauti nzito, palipo mvungu hulia kama mtungi mtupu. Kisha angalia udongo, na usiangalie upande mti unaouinamia. Angalia ule unaouacha. Ukikuta ufa, au ardhi imeinuka kama fuko amepita, usingoje barua: toa watu na magari hapo chini, na uripoti kaunti siku hiyo hiyo. Mti ulioinama toka utotoni kisha ukajinyoosha kwenda juu haunitishi. Ulioinama wiki jana ndio unaonikosesha usingizi.

Halafu kuna mitaro. Mtaa mmoja Kileleshwa walipitishiwa kebo za intaneti kando ya barabara. Wachimbaji wakakata mizizi ya jakaranda nne upande mmoja, safi kama mtu anayekata mkate, wakafukia, wakasawazisha, nyasi zikaota. Nilimwambia soja wa pale kwamba miti ile imebaki kusimama kwa mguu mmoja. Akacheka. Masika ya mwaka uliofuata, udongo ulipolowa vizuri, mmoja ulilala juu ya ukuta saa tisa usiku, na tukaitwa kuukata vipande. Kwa hiyo ukiona mtaro unachimbwa karibu na mti, toka nje uwaombe wapitishe kebo chini ya mizizi. Mzizi mnene kama kifundo cha mkono ndio unaoushika mti. Nywele nyembamba zitaota tena. Kama wameshakata, andika tarehe na upande waliokata, na upige picha kabla hawajafukia. Nyasi zikishaota hakuna atakayekuamini.

Mara nyingi jibu ni kupogoa, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo miti ya mji huu inapoharibiwa. Usikubali fundi anayekwambia "tutaukata kichwa." Jakaranda iliyokatwa kichwa huchipua fimbo nyingi zilizonyooka, na watu hufurahi kuona imerudi kijani. Baada ya miaka michache fimbo hizo ni matawi mazito ambayo hayakushikana na shina vizuri, na hayo ndiyo yanayoanguka siku ya upepo. Umelipa pesa kununua hatari.

Tawi linalotolewa hukatwa mara tatu. Mkato wa kwanza unatoka chini kwenda juu, kama urefu wa mkono kutoka kwenye shina, na unaingia theluthi ya unene wa tawi. Wa pili unatoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, mpaka tawi lianguke lenyewe bila kuchana ganda la shina. Wa tatu unaondoa kigutu kilichobaki. Huo ukatwe nje ya ile shingo iliyovimba pale tawi linapokutana na shina, kwa sababu shingo ndiyo inayofunga kidonda. Ukiikata, kidonda kinabaki wazi, maji yanaingia, na baada ya miaka kumi unaniita. Usipake rangi wala oili chafu ya gari. Usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa msimu mmoja. Fundi akikwambia hajawahi kusikia habari ya mikato mitatu, mpe chai, mwambie aende salama.

Karatasi

Ikishaonekana kwamba mti lazima uondoke, kinachouangusha ni barua. Hata ulio ndani ya ploti yako, ukiwa jijini, pata kibali cha kaunti kabla ya kuugusa.

Barua inakwenda idara ya mazingira ya kaunti, na iwe ukurasa mmoja. Sema mti ni wa aina gani. Kama huujui, peleka jani na ua kwenye kitalu chochote cha barabarani, watakutajia kwa Kikuyu au kwa Kikamba, inatosha. Sema uko barabara gani, una tatizo gani, umejaribu njia gani nyingine, na utapanda nini badala yake. Ambatanisha picha tatu: mti mzima, dalili yenyewe kwa karibu, na kile kinachotishiwa. Neno "hatari" peke yake halina kazi, kila mtu huliandika. Andika "uyoga kwenye kitako, upande wa lango la shule." Kamati ya wakazi iweke sahihi, na majirani wa kulia na kushoto pia, hasa yule ambaye mti unampa kivuli. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo.

Afisa atakuja kukagua, nawe uwepo. Akisema upogolewe tu, usibishane naye. Huenda amekuokolea pesa. Akikubali uondolewe, unalipa kupitia mfumo wa malipo wa kaunti na kupata risiti. Usimpe mtu yeyote pesa mkononi, hata ukiambiwa itaharakisha mambo. Kibali kikitoka, kisome kama unavyosoma mkataba wa nyumba: idadi ya miti, aina, mahali, tarehe ya mwisho. Kikitaja mti mmoja na wewe ukaangusha miwili, ule wa pili hauna kibali.

Haya nimeyajua kwa kulala ndani. Mwenye jengo mmoja alinionyesha barua yenye muhuri, nikaona muhuri nikaridhika. Mbele ya ploti yake, kwenye hifadhi ya barabara, kulikuwa na mikima mitatu, yaani grevillea, iliyoficha bango lake. Tulikuwa tumemaliza wa pili gari lilipokuja. Ile barua ilikuwa ya kuomba kibali. Muhuri ulikuwa wa kupokelewa tu. Mwenyewe alikuwa ameshaondoka na simu amezima. Msumeno wangu ulikaa kituoni wiki tatu, mimi usiku mmoja, na kijana wangu wa kamba hakurudi tena kazini kwangu, wala simlaumu. Tangu hapo napigia ofisi iliyotoa karatasi, nawasomea namba yake, ndipo namwaga petroli kwenye tangi.

Na wewe ukiwa mpita njia unayeona mti unaanguka, omba kuonyeshwa kibali. Fundi halali hakasiriki. Changu huwa kwenye mfuko wa shati, ndani ya karatasi ya nailoni. Piga picha ya kibali, ya gari na ya shina, upeleke kaunti, na jambo likiwa kubwa upeleke NEMA. Usimsikilize anayekwambia haikuhusu kwa sababu hukai hapo. Katiba ya 2010, Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umepata hasara au umeumia.

Siku yenyewe

Kama kuna waya karibu, Kenya Power waombwe mapema wazime au watume watu wao. Usimwamini fundi anayesema atapita katikati. Mti wa barabarani haukatwi chini ukaanguka kama kwenye sinema. Unashushwa vipande kutoka kileleni, kila kipande kikiwa kimefungwa kamba. Fundi asiye na kofia ngumu na mshipi mrudishe nyumbani, maana akianguka ataangukia mlangoni kwako. Kagua viota kabla. Kama kuna makinda, subiri wiki chache, kibali kinaweza kuombewa muda. Weka mtu kila upande wa barabara ambaye kazi yake ni kuzuia bodaboda tu. Mwenye boda haoni kamba, haoni bendera, haoni hata mti wenyewe.

Kubalianeni kwa maandishi, kabla ya kukata, magogo yanakwenda wapi. Mti ulikuwa wa umma, na magogo ni ya umma vilevile. Hapa ndipo urafiki wa majirani unapovunjika, kwa sababu jakaranda moja nene ina pesa: wachongaji waliokuwa wakitumia muhugu na mpingo sasa wanaitafuta sana. Mkima unakwenda kupasuliwa mbao. Matawi waachie akina mama wa kuni. Watakuwa wamefika na kamba zao kabla hujamaliza kuwasha injini. Lori la magogo lisiondoke bila hati ya KFS ya kusafirishia mazao ya misitu, la sivyo litalala kwenye kizuizi cha kwanza cha polisi.

Kisiki kiingie kwenye bei tangu mwanzo. Kila mteja hukisahau, kisha hukikumbuka mtoto akijikwaa. Kikatwe usawa wa ardhi au king'olewe. Mkaratusi ukikatwa tu utachipua mashina manne pale palipokuwa na moja. Ubandue ganda lote mpaka kwenye udongo, au ung'oe. Wala usichome kisiki moto kando ya barabara. Moto hufuata mizizi chini kwa chini, na nimeona umetokea upande wa pili wa ukuta.

Sasa kupanda

Usipande kwenye shimo lile lile. Sogea mita mbili, mizizi ya zamani ioze kwa amani.

Kabla ya kushika jembe, tazama juu, kisha chini, kisha pembeni. Juu: kuna waya? Chini: mfuniko wa maji taka uko wapi, na bomba linaelekea wapi? Tembea kutoka mfuniko mmoja hadi mwingine. Mstari kati yao ndio bomba lako, kaa mbali nalo. Pembeni: kona ya barabara iwe wazi ili dereva aone, na ukuta uwe mbali mita mbili au tatu hata kwa mti mdogo. Jakaranda na wenzake wape mita nane hadi kumi kati ya mmoja na mwingine. Utaona mapengo makubwa, watu watakuambia umepanda michache. Waache.

Chini ya waya panda kitu kifupi, kama ule mti wenye maua mekundu yaliyokaa kama brashi ya kuoshea chupa. Mahali penye nafasi mimi hupenda muringa, wenye maua meupe na nyuki tele, au murarachi, ambao hukua polepole ukaja kutoa maua ya waridi watu wasimamishe magari. Jakaranda ni nzuri na sitaisema vibaya, imenilisha, ila ni mgeni kutoka Amerika Kusini na tayari tunazo za kutosha. Nandi flame ina maua ya kupendeza na matawi mepesi kuvunjika. Isiwe juu ya maegesho. Mkima vilevile, upepo huuonea. Mugumo ni mti wa bustani na viwanja, mbali na kila bomba. Mkaratusi usiulete barabarani wala mtoni. Marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira aliagiza iondolewe kandokando ya mito kwa jinsi inavyokunywa maji.

Na udongo. Upande wetu wa magharibi, Kangemi, Lavington, hadi Karura, ni mwekundu, unapitisha maji, unasamehe makosa. Ukivuka mji kwenda Donholm na Embakasi unakuta ule mweusi, unaonata kwenye gumboot wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza kiganja wakati wa jua. Huko panda mgunga wa shina la manjano, uliozoea kusimama majini, na uinue udongo wa mche kidogo kuliko ardhi ili usizame. Nimeona miche mizuri ya muringa ikifa Embakasi kwa kuoza miguu, wakati mwenyewe anazidi kumwagilia akidhani ina kiu.

Miche iko kila mahali: vitalu vya Ngong Road na Kiambu Road, KFS pale Karura, na ukitaka mbegu, KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, kule Muguga. Usinunue mrefu mwembamba uliofungwa fimbo. Chukua wenye shina nene kama kidole gumba, unaofika kiunoni au kifuani. Inua karatasi yake ya nailoni kutoka ardhini: ukisikia kitu kinakatika, mzizi ulishatoboa na kuingia chini, mche umekaa kitaluni kupita kiasi. Chukua mwingine.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu weka kushoto, wa chini weka kulia. Ule wa juu changanya na debe moja la samadi iliyooza kabisa, isiyonuka, urudishe huo. Toa karatasi yote. Nasema hivyo kwa sababu nimeng'oa miti ya miaka mitano ikiwa bado ndani ya karatasi, mizizi imezunguka mle kama tambi kwenye sahani. Mizizi inayozunguka ikate kwa kisu. Shingo ya mche, pale shina linapoanza, iwe usawa wa ardhi, isifukiwe. Tengeneza kisahani cha udongo cha kushika maji, tandaza nyasi kavu, ziache upana wa kiganja bila kugusa shina.

Wakati mzuri ni mwisho wa Machi au Aprili mapema, mvua ndefu zikishika. Serikali imetupa sikukuu mbili za kupanda miti, tarehe 13 Novemba 2023 na 10 Mei 2024, katika ule mpango wa miti bilioni 15 kufikia 2032. Nilipanda siku zote mbili. Ile ya Mei, mvua zilikuwa nyingi kupita kiasi, na punde baridi kavu ya Juni ikafika kabla mizizi haijatulia. Ya Novemba hukutana na jua la Januari na Februari. Kwa hiyo panda hata siku ya sikukuu ukipenda, lakini ujue umejifunga kwa maji: lita 20, mara mbili kwa wiki, kila mvua zikikatika, kwa misimu miwili ya kiangazi.

Nani atabeba huo mtungi? Hili ndilo swali ambalo kamati nyingi huliuliza mwisho, wakati lilipaswa kuja kabla ya shimo. Mimi hupanda mti mahali penye mtu. Mbele ya steji ya bodaboda, kwa sababu vijana wale wanakaa juani mchana kutwa na wanakihitaji kile kivuli kuliko mkazi yeyote mwenye sebule. Kando ya vijana wa kuosha magari, kwa kuwa maji wanayo. Nyuma ya kibanda cha mama mboga. Mwambie mbele ya wenzake, "mama, huu ni wako," na uandike jina lake kwenye daftari. Wangari Maathai alianza na miche saba pale Kamukunji, tarehe 5 Juni 1977, na baadaye akina mama wa vuguvugu lake la Green Belt walilipwa kwa mche ulioshika. Shimo tupu halikuwa na malipo. Daftari langu la mtaa lina safu nne tu: namba ya mti, tarehe, mwenyewe, na je, uko hai. Safu ya mwisho naijaza kila Aprili kwa miaka mitatu, nikizunguka na kalamu. Wa kwanza kufa huwa ni ule ulioandikwa "kamati".

Uzio wa nguzo nne za mbao na waya wa kuku unatosha dhidi ya mbuzi. Dhidi ya ng'ombe hautoshi. Kiangazi kikiwa kikali, mifugo huletwa mpaka ndani ya mji kutafuta nyasi za kando ya barabara, na mche wenye majani mabichi ni biskuti kwao. Ongeza matawi ya miiba.

Mche ukihitaji kiegemeo, funga kwa kitambaa au mpira wa tairi ya baiskeli, ulegee kiasi cha kuingiza vidole viwili. Uufungue baada ya mwaka. Waya usitumie hata kidogo, wala usipigilie msumari wa kibao cha "panda mti okoa maisha." Mti haufi mara moja, hunenepa juu ya waya, huumeza, na kwa nje huoni kitu. Mwaka jana, Parklands, nilikuwa nakata shina lililokuwa zima kwa nje, kibali mfukoni, bodaboda zimezuiwa, kila kitu sawa. Katikati ya shina cheni ikagonga chuma, cheche zikaruka, msumeno ukanirukia kifuani, meno sita yakang'oka. Ndani kulikuwa na mizunguko mitatu ya waya wa kufungia mche, umefungwa vizuri na mtu mwenye mikono safi. Kile kipande ninacho, kiko chini ya kitanda changu Kangemi.